Tunauziwa kasi bila mizani

Saa mbili usiku, orofa ya nne ya jumba la kupanga jijini Nairobi. Taarifa ya habari imeganda kwenye runinga, mwanafunzi anasubiri ukurasa wa kazi ya shule ufunguke, na mama yake yuko kwenye mkutano wa video ambao wenzake wanamsikia nusunusu. Kifurushi wanacholipia ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Kipimo cha kwenye simu kinaonyesha 4. Mama akipiga simu huduma kwa wateja ataambiwa azime ruta, asubiri kidogo, aiwashe tena. Kisha ataulizwa kama alipima kwa Wi-Fi au kwa waya, na kama kuna vifaa vingine vilivyounganishwa. Akijibu kwamba alitumia Wi-Fi na runinga ilikuwa inawaka, malalamiko yameishia hapo. Alfajiri kasi inarudi, na mwisho wa mwezi bili inakuja ileile.

Hali hii imezoeleka katika mitaa ya Nairobi na Mombasa, na hata ng'ambo ya mpaka Dar es Salaam na Arusha. Ukiuliza watu kwa nini hawadai chao, jibu la haraka ni kwamba hakuna sheria. Sheria ipo, tena ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Kinachokosekana ni kipimo ambacho mteja, kampuni na mwamuzi watakikubali wote watatu, pamoja na kiwango cha chini kilichoandikwa mkatabani ambacho kipimo hicho kitalinganishwa nacho. Bila vitu hivyo viwili, haki ya mnunuzi wa intaneti ya nyumbani itabaki kwenye vitabu hata Bunge likitunga sheria nyingine kumi.

Haki imeandikwa, tena kwenye Katiba

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili afaidi kikamilifu kile alichonunua, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma. Kifungu hicho hicho kinaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya kweli na ya heshima. Si nchi zote duniani zilizoweka mambo haya kwenye katiba yenyewe. Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 ikafuata. Inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora hata kama hakuitamka, na inakataza kumweleza mteja kwamba huduma ina sifa au kiwango ambacho haina. Aliyeingizwa kwenye mkataba kwa maelezo ya uongo anaruhusiwa kuuvunja na kudai fidia. Na haki hizo hazifutwi na maandishi madogo yaliyo chini ya mkataba, ambayo mteja huyakubali kwa kubonyeza kitufe.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, inayokataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma, na kanuni za mwaka 2010 za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano, ambazo msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano. Tanzania nako mambo yanafanana: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ina kanuni zake za kulinda walaji za mwaka 2018, na malalamiko huanzia kwa mtoa huduma kabla ya kufikishwa kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, TCRA.

Tatizo linaonekana pale unapojaribu kuzitumia. Huduma ya ubora unaostahili ni ipi, kwa mtu aliyelipia megabiti 20? Je, 18 inatosha? Na 12? Na 4 kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, halafu 20 kamili usiku wa manane watu wakiwa wamelala? Tangazo hutaja kasi ya juu kabisa inayoweza kupatikana, na mkataba husema kampuni itajitahidi. Kati ya kilele hicho na sifuri hakuna namba nyingine iliyoandikwa. Mkakati wa taifa wa intaneti ya kasi wa 2018 hadi 2023 uliweka sakafu ya megabiti 2, lakini sakafu hiyo ilikusudiwa kumpa kila Mkenya huduma ya msingi. Anayelipia mara kumi ya hapo haimsaidii kitu.

> Kati ya kilele kinachotangazwa na sifuri, hakuna namba nyingine iliyoandikwa kwenye mkataba.

Linganisha na duka la rejareja. Mizani ya muuza sukari lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, na Tanzania kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Vipimo. Mnunuzi akihisi kilo imepunjwa, habishani na mwenye duka kuhusu hisia zake: mzigo unarudishwa kwenye mizani na namba inasomwa mbele ya wote. Serikali ilielewa zamani kwamba haki ya kupata kilo kamili haina maana mpaka pawe na chombo cha tatu kinachosema kilo ni nini. Kwa intaneti ya nyumbani ya faiba, bidhaa ambayo familia nyingi sasa huilipia kila mwezi kama umeme na maji, chombo hicho hatuna.

Yanayotokea ndani ya waya

Ili kujua nani alaumiwe, inafaa kuelewa kidogo jinsi kasi inavyosafiri. Kwanza, megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 20 kikifanya kazi sawasawa hushusha megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Faili la somo lenye gigabaiti moja na nusu litashuka kwa dakika 10. Kasi ikianguka hadi 4, faili lilelile linachukua dakika 50, na kwa mwanafunzi anayefanya kazi zake usiku hiyo ndiyo tofauti kati ya kumaliza na kulala bila kumaliza.

Pili, waya unaoingia sebuleni si wa nyumba ile peke yake. Mitandao mingi ya faiba za majumbani hutumia teknolojia iitwayo GPON. Mtambo wa kampuni hutuma mwanga kwenye uzi mmoja, kisha kigawanyishi kidogo kisichotumia umeme, ambacho mara nyingi hufungwa kwenye nguzo au kwenye kisanduku cha ukutani, huugawa mwanga huo kwa nyumba 32 au 64. Uzi huo mmoja hubeba takribani megabiti 2,500 kwa sekunde kuelekea kwa wateja. Fanya hesabu: nyumba 64, kila moja ikivuta megabiti 20 kwa wakati mmoja, zinahitaji 1,280, yaani karibu nusu ya uwezo wa uzi. Hata mtaa mzima ukiwasha runinga usiku mmoja, uzi wenyewe hauna sababu ya kuelemewa na vifurushi vya kiwango hicho.

Basi kasi ya saa mbili usiku huminywa wapi? Mara nyingi mbele zaidi: kwenye kiungo kinachobeba trafiki ya mitaa kadhaa kupeleka kituo kikuu, na kwenye uwezo ambao kampuni imenunua kwa jumla kutoka kwenye nyaya za baharini zinazotia nanga Mombasa. Makampuni yote duniani huuza uwezo zaidi ya ule yaliyo nao, kwa kuwa wateja wote hawatumii kwa pamoja. Si kosa kufanya hivyo. Bila utaratibu huo faiba ingekuwa ya matajiri peke yao. Ila kiasi cha kuzidisha, kama uwezo mmoja utauzwa kwa wateja 10 au kwa 50, huamuliwa ofisini na mtu anayetazama gharama na faida. Kifurushi kikikwama kila jioni kwa miezi mitatu mfululizo, mteja anaonja matokeo ya uamuzi huo wa kibiashara. Hali ya hewa haihusiki, wala ukuta wa chumba cha kulala.

Lazima nikiri kwamba kuta nazo hufanya yake. Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz katika jumba lenye ruta arobaini zinazopishana hewani huchoka vibaya, simu za bei nafuu hazifiki mbali, na ruta iliyofichwa nyuma ya kabati la vyombo haiwezi kulaumiwa. Kuna wateja wanaoilalamikia kampuni kwa kosa lililo ndani ya nyumba yao. Hata kipimo chenyewe kina udhaifu, kwa kuwa programu nyingi za kupima huchagua seva iliyo karibu, pengine ndani ya mtandao wa kampuni ileile, na hivyo huweza kuonyesha namba nzuri huku tovuti za ng'ambo zikikokota miguu. Picha ya skrini ya simu ni ushahidi dhaifu kwa pande zote mbili.

Utetezi wa kampuni

Watoa huduma wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba intaneti kwa maumbile yake ni huduma ya kushirikiana, na hakuna anayeweza kuahidi kasi ya juu saa zote. Ni kweli. Lakini hakuna anayedai hivyo. Mlaji anaomba aambiwe kabla hajatia saini ni kasi gani ya kawaida aitarajie jioni, na ni ipi ambayo ikishuka chini yake kampuni itakubali kwamba imeshindwa. Kampuni inayosimamia mtandao wake sawasawa inazijua namba hizo. Mitambo yake hurekodi mzigo wa kila kiungo kwa kila saa, na wahandisi wake hutumia kumbukumbu hizo hizo kuamua ni wapi pa kuongeza uwezo.

Ya pili ni majanga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na watumiaji wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani walitaabika kwa siku kadhaa. Ingekuwa dhuluma kuitoza faini kampuni ya mtaani kwa waya uliokatika chini ya bahari. Mkataba mzuri huweza kulitenga jambo la namna hiyo kwa sentensi moja. Jioni ya kila siku si janga. Kitu kinachotokea saa ileile, kwa muda uleule, wiki baada ya wiki, kinatabirika, na kinachotabirika hupangiwa.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: bei. Kampuni ikilazimishwa kuahidi kiwango cha chini, itanunua uwezo zaidi, na gharama itamwangukia mteja. Huenda ikawa hivyo kwa baadhi ya vifurushi. Lakini tuangalie hali ya sasa inampendelea nani. Kampuni mbili zinapotangaza megabiti 20 kwa bei zinazokaribiana, moja ikiwa imeuza uwezo wake kwa uangalifu na nyingine ikiwa imeurundikia wateja, mnunuzi hana namna ya kuzitofautisha. Atachagua ya bei ya chini, na ile iliyowekeza itaadhibiwa kwa uaminifu wake. Anayetaka kuuza huduma hafifu kwa bei nafuu aachwe auze, wapo wanaoihitaji, mradi namba iandikwe kwenye tangazo. Mwenye kipato kidogo ndiye anayeumia zaidi akinunua asichopata, kwa kuwa hana bando la simu la kuzibia pengo.

Walioweka kipimo

Nchini Uingereza, hadi Mei 2018, kampuni iliruhusiwa kutangaza kasi ambayo ni asilimia 10 tu ya wateja wake walioweza kuipata. Wasimamizi wa matangazo wakabadilisha kanuni: kasi inayotangazwa iwe ile inayopatikana kwa angalau nusu ya wateja, tena kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati wa msongamano. Vifurushi vya waya wa simu vilivyokuwa vikitangazwa kwa megabiti 17 vikageuka kuwa vya 10 au 11. Waya haukubadilika, mitambo haikubadilika, na wateja walikuwa walewale. Kilichoondolewa kwenye tangazo ni theluthi moja na zaidi ya kasi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Kanuni moja tu ya matangazo ilitosha kufanya hivyo.

> Waya haukubadilika, mitambo haikubadilika. Tangazo ndilo lililolazimishwa kusema kweli.

Kuanzia Machi 2019, chini ya mwongozo wa mdhibiti Ofcom, kampuni zilizouridhia humpa mteja makadirio ya kasi ya saa za msongamano pamoja na kiwango cha chini zinachokidhamini kabla hajanunua. Kasi ikishuka chini ya hapo, kampuni ina siku 30 za kurekebisha. Ikishindwa, mteja anaondoka bila kulipa faini ya kuvunja mkataba. Marekani, tangu Aprili 2024, kampuni kubwa zinatakiwa kuonyesha lebo ya bei, kasi ya kawaida na ucheleweshaji, mfano wa ile iliyo kwenye pakiti za vyakula.

Ujerumani imekwenda mbali zaidi, na mfano wake ndio unaotufaa kuutazama kwa makini. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inataka mkataba wa intaneti ya nyumbani utaje kasi ya chini, ya kawaida na ya juu, pamoja na ile iliyotangazwa. Tangu Desemba 1, 2021 sheria ya Ujerumani inasema mteja ambaye kasi yake inapungua kwa kiasi kikubwa, mfululizo au mara kwa mara, anaweza kupunguza malipo kwa kadiri ya upungufu, au kuvunja mkataba bila notisi. Na mdhibiti, Bundesnetzagentur, hakumwachia mteja kazi ya kuthibitisha kwa namna anayojua mwenyewe. Alitengeneza programu ya bure. Kompyuta inaunganishwa kwa waya kwenye ruta, na vipimo 30 vinachukuliwa katika siku tatu tofauti ndani ya majuma mawili. Kasi ya kawaida iliyoandikwa mkatabani lazima ifikiwe katika asilimia 90 ya vipimo. Mwishoni programu inatoa hati rasmi, na hati hiyo ndiyo anayoipeleka kwa kampuni.

Utaratibu huu unamlinda hata mtoa huduma. Waya unaondoa ubishi wa kuta na Wi-Fi, siku tatu zinaondoa bahati mbaya ya usiku mmoja, na mteja ambaye kosa liko kwenye ruta aliyoificha kabatini atajua kabla hajamtukana mtu kwenye simu. Anayeuza alichokitangaza hana sababu ya kuogopa mizani yenye muhuri.

Soko peke yake halitoshi

Wapo watakaosema tuache ushindani ufanye kazi. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023, na mwaka uliofuata vifurushi vya faiba vikaongezewa kasi bila bei kupandishwa. Faida hiyo ilionekana na haifai kudharauliwa. Lakini ilipofika Novemba 2024, Starlink wenyewe walisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa uwezo wa eneo hilo ulikuwa umejaa. Setilaiti nazo hugawana. Zaidi ya hapo, katika majumba mengi ya kupanga mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja au mbili kupitisha waya, na mpangaji akiambiwa ahame mtoa huduma ni kama anaambiwa ahame nyumba. Isitoshe, ushindani unaoendeshwa kwa namba za matangazo pasipo anayezikagua huzaa namba kubwa zaidi. Huduma haiboreki kwa namba kukua.

Mamlaka ya Mawasiliano haianzi kutoka sifuri. Kwa miaka mingi imekuwa ikipima ubora wa mitandao ya simu na kutangaza matokeo, na imewahi kuzitoza faini kampuni zilizoshindwa kufikia viwango. Uzoefu huo uhamie kwenye faiba ya nyumbani: programu ya kupimia yenye nembo ya Mamlaka, seva zake zikiwa kwenye vituo vya kubadilishana trafiki ambavyo haviko chini ya kampuni yoyote, na sharti kwenye leseni kwamba kila mkataba utaje kasi ya jioni na kasi ya chini. Mteja akishawasilisha hati ya vipimo, kazi ya kuthibitisha kinyume iwe ya kampuni, kwa sababu kumbukumbu za mitambo ziko mikononi mwake. Fidia nayo ikatwe kwenye bili moja kwa moja. Shilingi mia sita au mia nane kwa mwezi si fedha ambayo mtu ataombea ruhusa kazini ili akaidai, na upunjaji mdogo kwa wateja laki kadhaa huishi kwa kutegemea hilo hilo.

Kabla hayo hayajaja, mlaji asikae kimya. Tangazo la siku ya kununua lihifadhiwe, mkataba upakuliwe na kuwekwa. Vipimo vichukuliwe kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na kila kipimo kiandikwe saa yake. Waya wenyewe uangaliwe, maana nyaya za zamani na baadhi ya kompyuta haziwezi kuvuka megabiti 100 hata ukilipia 500. Malalamiko yaandikwe kwa barua pepe badala ya kuishia kwenye simu, na namba ya kumbukumbu itunzwe. Kampuni isipotatua, yapelekwe kwa Mamlaka. Tena Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufungua milango Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hailazimishi mtu kuwa na wakili, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Wapangaji wa jumba moja, wenye waya mmoja na jioni zilezile mbovu, wanaweza kupima kwa wiki moja na kuweka daftari zao pamoja. Kila mmoja akiwasilisha dai lake likiwa na vipimo vya majirani kumi na watano vinavyosema jambo lilelile, kampuni haitaweza tena kumjibu mwamuzi kwamba tatizo lilikuwa Wi-Fi.